Kusudi la Maisha: Neno Moja Lililobeba Maswali Matatu

Siku hizi ni vigumu kumaliza wiki bila kuambiwa utafute kusudi lako. Mhubiri hulitaja mimbarini, mhamasishaji hulitaja jukwaani, na kijana aliyemaliza chuo juzijuzi hulitaja katika video ya dakika moja akiwahimiza wenzake waache kazi wasizozipenda. Wanaosikiliza hugawanyika. Wapo wanaoondoka na ari mpya itakayodumu siku mbili tatu, na wapo, ambao nadhani ndio wengi, wanaobaki na hofu ya kimyakimya kwamba wenzao wote wamekwisha kupata kitu fulani ambacho wao hawajakiona, na umri nao unakwenda.

Sehemu kubwa ya hofu hiyo inatokana na maneno. Maana ya maisha, kusudi la maisha, wito, furaha na mafanikio huchanganywa kana kwamba ni majina ya kitu kimoja, hivyo mtu aliyepungukiwa na kimojawapo hujiona amepungukiwa na vyote. Kabla ya kuuliza namna ya kulipata kusudi, ni vyema tujue tunatafuta nini hasa.

Tuanze na neno maana, kwa kuwa ndilo lenye mzigo mkubwa. Mwanafunzi akikutana na neno geni kitabuni huuliza, "Neno hili lina maana gani?" Anataka kulielewa. Mtu aliyekwazwa na kauli ya rafiki yake huuliza, "Alikuwa na maana gani kuniambia vile?" Huyu hana shida na maneno aliyoambiwa, anatafuta nia iliyoyatoa. Na jirani akisema, "Yule ni mtu wa maana," hazungumzii kueleweka wala nia, anazungumzia thamani. Neno ni lile lile, lakini limefanya kazi tatu mbele ya macho yetu bila sisi kushtuka.

Wanasaikolojia Frank Martela na Michael Steger, katika makala waliyoyachapisha mwaka 2016, walipendekeza kwamba mtu anaposema maisha yake yana maana huwa anasema mambo matatu yanayoweza kutenganishwa, kama nyuzi tatu za kamba moja: kwamba maisha hayo yanaeleweka, kwamba yana mwelekeo, na kwamba yana thamani. Wao waliyatafutia istilahi tatu. Sisi tunayabeba yote katika neno moja, jambo ambalo ni utajiri wa lugha, na pia ndipo tunapojikwaa.

Kueleweka ndiko rahisi kuliko yote kukufafanua kwa mfano. Chukua neno paa. Likiandikwa peke yake kwenye karatasi, huwezi kujua kama ni paa la nyumba, paa anayekimbia porini, au ndege anaambiwa apae. Liweke ndani ya sentensi, na shaka inakwisha. Matukio ya maisha yako hivyo hivyo. Watu wawili wameamka usiku mara tatu, na asubuhi wote macho ni mekundu na vichwa vizito. Mmoja aliamshwa na mwanawe mchanga, mwingine na muziki wa jirani. Usingizi uliopotea ni ule ule, lakini wa kwanza ana sentensi ya kuuweka ndani yake na wa pili hana. Ndiyo maana msiba wa ghafla, maradhi makubwa au kuachishwa kazi huuma kwa namna ya pekee: pamoja na hasara yenyewe, hadithi ambayo mtu alikuwa akijisimulia kuhusu maisha yake inakatika katikati. Anayeuliza "kwa nini mimi?" akiwa kitandani hospitalini hajaomba apewe malengo mapya. Anatafuta sentensi.

Uzi wa pili, mwelekeo, ndio unaostahili kuitwa kusudi. Hapa kosa la kawaida ni kulichanganya kusudi na lengo. Lengo hufikiwa likaisha: shahada hupatikana, deni hulipwa, nyumba huezekwa. Kusudi halina siku ya kukamilika. Kulea, kutibu, kutafuta elimu, kumcha Mungu, kutengeneza vitu vinavyodumu, hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mtu huamka siku moja akasema amekimaliza. Msafiri anayeelekea mashariki hupita miji mingi njiani, naye anaweza kusema kila mji amefika, lakini hakuna mahali atakapofika paitwapo Mashariki. Malengo ni miji, na kusudi ni upande anaoelekea. Mtu aliyejiwekea malengo matupu hupatwa na utupu wa ajabu kila anapofanikiwa, akadhani ana tabia ya kutoridhika, kumbe amefika mjini na hana upande.

Uzi wa tatu ni thamani: hisia kwamba kuwapo kwako si bure, kwamba usingekuwapo pangekuwa na pengo. Uzi huu unaweza kukatika hata pale nyuzi mbili za kwanza zinapoonekana nzima, na sijui ushuhuda ulio wazi kuhusu jambo hilo kuliko wa mwandishi wa Urusi, Leo Tolstoy. Alipokuwa anakaribia umri wa miaka 50 alikuwa na mke, watoto, afya, mali, na sifa iliyokwisha kuvuka mipaka ya nchi yake. Hata hivyo, kama alivyoungama baadaye kwa maandishi, katikati ya kupanga shughuli za mashamba yake alijikuta akijiuliza: haya, utakuwa na desyatina 6,000 za ardhi katika jimbo la Samara, yaani zaidi ya hekta 6,500, pamoja na farasi 300, halafu nini? Swali hilo dogo lilimshinda. Hakuwa amekosa la kufanya, wala hakuwa haelewi alikotoka. Alichokosa ni jibu la kwa nini lolote kati ya hayo liwe na uzito ilhali mwisho wake ni kifo. Hali ilimzidi hata akaacha kwenda kuwinda na bunduki, akiogopa kujidhuru.

Sasa mlinganishe na mtu niliyemfahamu kwa karibu, fundi mitambo aliyestaafu baada ya kufanya kazi miaka zaidi ya 30. Thamani hakuwa na shaka nayo. Alijua kazi yake ilikuwa na faida, na hadithi ya maisha yake aliisimulia bila kukwama. Jumatatu ya kwanza ya kustaafu aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi jana yake. Mkewe alipoingia chumbani alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi, anaiangalia. Aliniambia mwenyewe kwamba alikaa hivyo karibu nusu saa, kwa kuwa akishaivaa ile ya pili angelazimika kuamua anakwenda wapi. Tolstoy alikatikiwa na thamani, mzee huyu alikatikiwa na mwelekeo. Angeletewa vitabu vya falsafa kuhusu kifo, visingemfaa kitu.

Kwa sababu hiyo mtu anayelalamika kwamba maisha yake hayana maana anastahili kuulizwa swali moja kabla ya kushauriwa: uzi gani umekatika? Ushauri mwingi tunaopeana haukosei kwa kuwa ni wa uongo. Hukosea kwa kuwa unashona mahali ambapo hapakuchanika.

Kuna mgawanyo mwingine ambao mijadala mingi huuruka, nao ni kati ya maana ya maisha na maana katika maisha. La kwanza linauliza kwa nini binadamu wapo duniani, wote kwa jumla. La pili linauliza ni nini kinachoyafanya maisha ya mtu huyu mmoja yastahili yeye kuyaishi. Kuhusu la kwanza, fikiria jembe. Kabla halijawapo, mhunzi alikuwa tayari ana kazi yake kichwani: litalima. Kusudi lilitangulia, chombo kikafuata. Dini zinazomwamini Muumba zinamwona binadamu kwa namna inayokaribiana na hiyo. Kurani, katika sura ya 51, inasema majini na watu hawakuumbwa ila wamwabudu Mwenyezi Mungu, na Wakristo nao kwa karne nyingi wamefundisha kwamba mwanadamu aliumbwa kwa ajili ya kumtukuza Mungu. Mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre, katika mhadhara alioutoa Paris mwaka 1945, alitumia mfano wa kisu cha kukatia karatasi ili kudai kinyume chake: kisu hutanguliwa na kusudi, lakini mtu huanza kuwapo kwanza, kisha akajifanya kuwa nani kwa yale anayoyachagua.

Sitajaribu kuamua ugomvi huo hapa. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba hata ukiamuliwa, swali la pili linabaki palepale. Muumini anayekubali kwa moyo wote kwamba ameumbwa ili amwabudu Mungu bado atapaswa kujua kama atamwabudu akiwa muuguzi au mkulima, na kama mwaka huu amhudumie mama yake mgonjwa au aende masomoni. Asiyeamini naye, akishasema kwamba ulimwengu haukumwandikia kazi yoyote, bado ana Jumatatu ya kuamkia. Wote wawili wanakutana kwenye swali la maana katika maisha, na hilo ndilo linaloweza kuchunguzwa, kujadiliwa na kushughulikiwa bila kusubiri wanafalsafa wamalize.

Kati ya dhana potofu zinazolizunguka jambo hili, inayoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni ile inayosema kila mtu ana kusudi moja tu lililofichwa mahali, na kazi yake ni kulifukua. Huenda umewahi kuuona mchoro wa duara nne zinazokatana: unachokipenda, unachokiweza, dunia inachokihitaji, na unacholipwa. Katikati huandikwa ikigai, na tunaambiwa hiyo ni hekima ya kale ya Wajapani. Mchoro huo haukutoka Japani. Mwaka 2014 mwandishi wa blogu, Marc Winn, alichukua mchoro wa duara nne wa Mhispania Andrés Zuzunaga, ambao katikati yake paliandikwa neno lenye maana ya kusudi, akaweka ikigai mahali pake. Wajapani wenyewe wana neno hilo kwa mambo madogo kabisa: mjukuu, bustani, mchezo wa jioni na marafiki. Mieko Kamiya, daktari wa magonjwa ya akili aliyeandika kitabu mashuhuri kuhusu ikigai mwaka 1966, alifanya kazi miongoni mwa wagonjwa wa ukoma waliotengwa kisiwani, watu ambao wengi wao duara la "unacholipwa" lingekuwa kejeli kwao. Swali lake lilikuwa kinachompa mtu sababu ya kuishi pale ambapo karibu kila kitu kimeondolewa.

Ubaya wa dhana ya hazina iliyofichwa ni kwamba inamfanya mtu akae akingoja. Hajiungi na lolote kwa moyo wote, kwa kuwa hana hakika kama hilo ndilo lenyewe. Lakini ukiwauliza watu walioshikamana na jambo fulani kwa miaka mingi lilianzaje, mara nyingi utasikia habari isiyo na mwanga wowote wa mbinguni: nafasi ilikuwa wazi, mtu aliugua wakahitaji wa kumshikia, nilianza kwa shingo upande. Upendo ulikuja nyuma ya kazi. Ni kama urafiki. Hakuna anayekaa nyumbani akimtafakari rafiki wake wa kweli hadi amjue, kisha ndipo atoke kwenda kumsalimia.

Dhana nyingine ni kwamba maana na furaha ni kitu kimoja. Mwaka 2013 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walichapisha utafiti uliowahoji karibu watu 400 nchini Marekani, wakakuta kwamba viwili hivyo, ingawa huandamana mara nyingi, hupishana kwenye mambo kadhaa ya msingi. Furaha ilihusiana zaidi na wakati uliopo na kutoshelezwa kwa mahitaji. Maana ilihusiana na kuunganisha yaliyopita, yaliyopo na yajayo, na kuwafanyia wengine mambo. Waliosema maisha yao yana maana zaidi waliripoti pia wasiwasi na msongo zaidi. Mzazi yeyote anayelisha mtoto asiyetaka kula analijua jambo hili bila utafiti. Mwaka uliofuata Shigehiro Oishi na Ed Diener walichanganua takwimu za shirika la kura za maoni la Gallup kutoka nchi 132, wakaona kwamba watu wa nchi tajiri waliyapima maisha yao kuwa mazuri zaidi, lakini watu wa nchi maskini ndio waliosema kwa wingi zaidi kwamba maisha yao yana kusudi muhimu, na tofauti hiyo ilielezwa kwa sehemu na nafasi ya dini. Isisomwe kama sifa ya umaskini. Inaonyesha tu kwamba mizani ni miwili.

Wapo pia wanaodhani kwamba kuuliza maswali haya ni dalili ya ugonjwa au upungufu wa imani. Dodoso ambalo Steger na wenzake walilichapisha mwaka 2006, lenye sentensi kumi, linapima kuwa na maana na kutafuta maana kama vitu viwili, kwa sababu mtu anaweza kuwa navyo vyote pamoja: ana maana, na bado anatafuta. Hata hivyo, tahadhari moja inahitajika hapa bila kuzungukazunguka. Utupu unaoandamana na kukosa usingizi au hamu ya kula, kutofurahia chochote kwa wiki kadhaa, au mawazo ya kujiua, huenda ukawa sonona, na sonona hutibika. Mtu wa namna hiyo apelekwe kwa mtoa huduma za afya. Mjadala wa falsafa utamngoja.

Linabaki swali gumu kuliko yote, kama maana ni hisia tu. Wagiriki wa kale walisimulia juu ya mfalme Sisyphus, aliyeadhibiwa kusukuma jiwe hadi kileleni mwa mlima, likaporomoka, akalisukuma tena, milele. Mwanafalsafa Richard Taylor aliuliza mwaka 1970: je, kama miungu ingempandikizia Sisyphus hamu kubwa ya kusukuma mawe? Kazi ingekuwa ile ile, lakini sasa anaifurahia. Je, maisha yake yamepata maana? Wengi wetu tunasita kusema ndiyo. Tunahisi kwamba amedanganywa. Mwanafalsafa mwingine, Susan Wolf, anaeleza kusita huko kwa kusema kwamba maana hupatikana pale mtu anapokipenda kitu ambacho kweli kinastahili kupendwa, na kukishughulikia. Pande zote mbili zinahitajika. Aliye na kazi nzuri asiyoijali hana maana bado, na anayejali sana upuuzi hana pia. Nani anaamua kipi kinastahili? Wolf mwenyewe anakiri kwamba hana orodha, na mimi naona ni heri, kwa kuwa orodha ingetumika kuwadharau wanaofanya kazi ndogo.

Kigezo kimoja, hata hivyo, kinajitokeza kila mahali, nacho ni kuhitajiwa. Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili wa Vienna aliyepitia kambi nne za Wanazi kati ya mwaka 1942 na 1945, alisimulia habari za wafungwa wawili waliotaka kujiua, kila mmoja akisema hana tena anachokitarajia kutoka kwa maisha. Frankl hakuwatafutia cha kutarajia. Aliligeuza swali: maisha yanatarajia nini kutoka kwao? Ikaonekana mmoja alikuwa na mtoto aliyekuwa akimngoja nchi ya mbali, na mwingine, mwanasayansi, alikuwa na vitabu alivyovianza ambavyo hakuna mtu mwingine angeweza kuvimaliza. Habari hii mara nyingi hupotoshwa, ikasemwa kwamba wenye kusudi ndio waliopona. Baba, mama na ndugu wa kiume wa Frankl pamoja na mkewe walikufa kambini, na yeye mwenyewe aliandika kwamba walio bora kati yao hawakurudi. Kusudi haliwi ngao dhidi ya risasi wala njaa. Lilibadilisha namna ya kuikabili siku, kwa yule aliyeachiwa siku ya kuikabili.

Yule mzee fundi mitambo, ambaye nilimwacha na soksi mkononi, hakusoma lolote kati ya haya. Miezi kadhaa ilipita, akachoka nyumbani na nyumba ikamchoka. Kisha mtoto wa jirani alikuja na daftari la hesabu, akiwa amekwama kwenye kugawanya sehemu, kwa kuwa alisikia mzee alikuwa fundi na mafundi wanajua hesabu. Siku iliyofuata alirudi na mwenzake. Nilipomtembelea nilikuta meza imetolewa uani, madaftari manne juu yake, mzee amevaa soksi zote mbili na viatu. Nilimuuliza, nusu kwa utani, kama sasa amepata kusudi jipya la maisha. Alinitazama kama niliyemkatiza kazi. Alisema hilo halijui, anachojua ni kwamba yule wa shati la kijani bado anasahau kugeuza sehemu ya pili kabla ya kuzidisha, na mtihani ni wiki ijayo.